Wiki nne kabla ya nusukaputi

Tangu Kenya ihamie kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, Oktoba 2024, na tangu Bunge la Tanzania lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, kuna swali ambalo halikosekani penye mjadala wa bima: kwa nini mchango wangu umtibu mtu aliyejiharibu mwenyewe? Mfano unaotolewa mara nyingi ni wa mvutaji wa sigara anayesubiri kupasuliwa. Wapo wanaotaka awekwe mwisho wa foleni, wapo wanaotaka alipe zaidi, na wapo wanaosema arudishwe nyumbani mpaka aache. Wanaowapinga hujibu kwamba mgonjwa ni mgonjwa, na kwamba tukianza kuchambua nani kajiletea maradhi hatutamaliza, maana yuko mla chumvi, yuko mnywaji, yuko na dereva wa bodaboda asiyevaa kofia. Mimi nipo karibu zaidi na kundi hili la pili. Hata hivyo naona pande zote mbili zinabishana juu ya kitu ambacho hazijakitazama vizuri.

Zote zinachukulia kwamba hatari ya mvutaji mbele ya kisu imekwisha kuamuliwa, kwamba miaka yake 20 ya sigara imekaa mapafuni na lililobaki ni kumhukumu au kumhurumia. Mambo hayako hivyo. Sehemu kubwa ya hatari hiyo inatokana na moshi wa jana, wa wiki hii na wa mwezi huu, nayo hupungua kwa mpangilio unaojulikana: nyingine kwa saa, nyingine kwa wiki. Kwa hiyo muda ambao mgonjwa anangoja tarehe yake ni muda wa matibabu, na bima inayolipia upasuaji huku ikiuacha muda huo upite bure inajiongezea gharama kwa mikono yake.

Ili hoja hii ieleweke, lazima tuingie kidogo chumba cha upasuaji. Mtu anapopewa nusukaputi hapotezi fahamu tu. Katika upasuaji mwingi mkubwa hupewa pia dawa ya kulegeza misuli, na misuli ya kupumulia ikiwemo. Kwa muda mfupi hapumui kabisa, mpaka mtaalamu wa usingizi apitishe bomba kooni na kuanza kumpumulia kwa mashine au kwa mfuko wa mkono. Katika muda huo anaishi kwa akiba ya oksijeni iliyomo mapafuni na kwenye damu. Ndiyo maana kabla ya kulala huvutishwa oksijeni kwa barakoa dakika kadhaa. Bomba likiingia upesi, akiba inatosha. Koo likiwa gumu kuonekana, au njia ya hewa ikikasirika na kujibana, kila sekunde inaliwa kutoka kwenye akiba hiyo.

Sasa mvutaji anafika na akiba pungufu. Moshi wa sigara una kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi hii hung'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa asiyevuta, sehemu ya damu iliyoshikwa nayo huwa chini ya asilimia 2. Kwa mvutaji wa kila siku ni kawaida kukuta asilimia 5 hadi 10, wakati mwingine zaidi. Juu ya hayo, oksijeni iliyobaki hubanwa zaidi na damu, ikawa vigumu kuiachia moyo na ubongo. Nikotini nayo huusukuma moyo upige haraka, hupandisha presha na kuibana mishipa. Moyo unadai oksijeni zaidi saa ileile ambayo damu inaleta kidogo.

Kuna jambo hapa ambalo naona halisemwi vya kutosha. Kifaa kinachotegemewa zaidi katika vyumba vyetu vya upasuaji ni kile kipima oksijeni kinachobanwa kidoleni. Ni kifaa kizuri na kimeokoa wengi. Shirika la Lifebox, lililoanzishwa mwaka 2011, limekuwa likivisambaza katika hospitali zilizokuwa zikifanya upasuaji bila kipimo chochote. Lakini kipimo hicho husoma rangi ya damu, na damu iliyoshikwa na kaboni monoksidi ni nyekundu kama iliyobeba oksijeni. Kipimo cha kawaida hakiwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo mtu aliyemaliza sigara mbili kwenye maegesho ya hospitali anaweza kuingia thieta akisoma 98, na wote waliomzunguka wakaridhika, wakati sehemu ya hiyo 98 ni moshi. Hospitali yenye mashine ya kupima gesi za damu inaweza kuligundua hilo. Hospitali ya wilaya, yenye kipimo cha kidoleni peke yake, ina njia moja tu, nayo ni mgonjwa aseme ukweli.

Habari njema ni kwamba gesi hiyo huondoka. Kwa mtu anayepumua hewa ya kawaida, nusu yake hutoka katika muda wa saa 4 hivi, na nikotini hupungua kwa nusu kwa saa 2 hivi. Asiyevuta kuanzia jioni ya kuamkia upasuaji anafika asubuhi damu yake ikiwa imebadilika kwa kiasi kinachopimika. Sisi sote tunalijua agizo la kutokula kuanzia usiku. Ndugu wa mgonjwa hulirudia kama sala, na mgonjwa aliyeiba kikombe cha uji hurudishwa wodini bila mjadala. Agizo la sigara ama halitolewi, ama hutolewa kwa sauti ya mtu anayewaidhi kuhusu tabia njema. Nimewahi kukaa na jamaa kwenye benchi la kusubiri upasuaji wa ngiri, akatoka nje kuvuta ili atulize hofu, akarudi ananuka moshi, na hakuna aliyemwuliza lolote zaidi ya kama amekula.

Mapafu yanahitaji muda mrefu zaidi ya damu. Njia za hewa zimepandwa vinyweleo vidogo vinavyosukuma makohozi na uchafu juu kuelekea kooni. Moshi huvilemaza vinyweleo hivyo, huongeza makohozi na kuifanya njia ya hewa iwe na hasira. Matokeo yake huonekana mara mbili. Kwanza wakati wa kuingiza na kutoa bomba: kikohozi kikali, mirija ya mapafu kujibana, au nyuzi za sauti kujifunga ghafla na kuzuia hewa isipite. Pili baada ya mgonjwa kuamka. Aliyepasuliwa tumbo anaumwa akikohoa, kwa hiyo hakohoi. Makohozi yanakaa, sehemu za chini za mapafu zinasinyaa, na siku ya tatu ana homa na nimonia. Kidonda chenyewe nacho kinadai damu yenye oksijeni na chembe za kinga zinazofanya kazi, na moshi huharibu vyote viwili. Mwaka 2003 watafiti wa Denmark walichapisha jaribio walilolifanya kwa watu wenye afya waliokubali kukatwa vidonda vidogo vya makusudi: kwa wavutaji asilimia 12 ya vidonda viliambukizwa, kwa wasiowahi kuvuta asilimia 2. Wavutaji walioacha kwa wiki nne walipata maambukizi machache zaidi kuliko walioendelea.

Mambo haya si mapya. Daktari Mwingereza H. J. V. Morton aliandika katika The Lancet mwaka 1944 kwamba wavutaji walipata matatizo ya mapafu baada ya upasuaji karibu mara sita ya wasiovuta. Mwaka 2011 uchambuzi wa kumbukumbu za zaidi ya wagonjwa 600,000 wa Marekani, uliolinganisha wavutaji na wasiovuta wanaofanana kwa umri na maradhi, ulikuta uwezekano wa mvutaji kufa ndani ya siku 30 baada ya upasuaji umezidi kwa asilimia 38, na wa kupata nimonia umefika takriban mara mbili. Kwa haki ya mjadala niseme kwamba kuna jambo moja ambalo mvutaji hufaidi: hutapika kidogo baada ya nusukaputi. Kutovuta sigara ni mojawapo ya alama nne ambazo wataalamu wa usingizi hutumia kukadiria nani ataamka na kichefuchefu. Sijasikia anayeshauri watu waanze kuvuta kwa sababu hiyo, ila inafaa kujulikana kwamba moshi unabadilisha mwili kwa namna nyingi, na si zote zilizo mbaya.

Turudi kwenye hoja. Wanaotaka mvutaji acheleweshwe wana ushahidi, tena mzuri. Mwaka 2002 timu ya Ann Møller nchini Denmark ilichapisha jaribio la wagonjwa 120 waliokuwa wakingoja kubadilishiwa nyonga au goti. Nusu yao waliendelea na utaratibu wa kawaida. Nusu nyingine, wiki sita hadi nane kabla ya upasuaji, walikutana kila wiki na muuguzi na kupewa dawa za nikotini za kusaidia kuacha. Katika kundi la kwanza asilimia 52 walipata tatizo fulani baada ya upasuaji. Katika kundi la pili asilimia 18. Kwa matatizo ya kidonda peke yake ilikuwa 31 kwa 5. Upasuaji ukiwa wa kupangwa, usio na haraka, kuusogeza kwa wiki chache kwa ajili ya faida ya namna hiyo ni uamuzi wa kitabibu wenye akili.

Tatizo huanza pale ushahidi huu unapogeuzwa kuwa adhabu. Uingereza iliwahi kujaribu. Mwaka 2016 mamlaka ya afya ya eneo la Vale of York ilitangaza mpango wa kuwachelewesha wavutaji hadi miezi 6 kwa upasuaji usio wa dharura, na mwaka uliofuata Hertfordshire ikataka mvutaji awe ameacha kwa wiki 8 na apulize kwenye kipimo cha kaboni monoksidi kuthibitisha. Chuo cha kifalme cha madaktari wa upasuaji cha Uingereza kilipinga, na mimi naona kilikuwa na sababu. Jaribio la Denmark halikuwaacha watu wangoje peke yao. Liliwapa muuguzi na dawa, na kilicholeta faida ni msaada huo. Ukiondoa msaada ukabaki na katazo, unapata mgonjwa anayeendelea kuvuta na ngiri inayoendelea kukua, na ngiri ikinasa anarudi usiku kama dharura, akiwa katika hali mbaya zaidi na kwa gharama kubwa zaidi.

Kwetu adhabu ina hatari nyingine, nayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Nimeshasema kwamba katika hospitali nyingi za hapa kipimo pekee cha moshi ni kauli ya mgonjwa. Mwambie mtu kwamba akikiri atapoteza nafasi yake ya upasuaji, nafasi aliyoisubiri miezi na aliyoiuzia mbuzi, halafu umwulize kama anavuta. Atakana. Mke wake aliyekaa pembeni atanyamaza. Mtaalamu wa usingizi atampokea mtu ambaye karatasi zake zinasema ana mapafu safi, na ukweli atakutana nao koo likiwa limejifunga. Wanaodai kwamba ukali utaokoa fedha za bima hawajafikiria kwamba ukali huo unaua taarifa ambayo usalama wa thieta unaitegemea. Tena wafikirie pia mtoto anayeletwa kutolewa mafindofindo kutoka nyumba ambamo baba anavuta sebuleni. Watoto wanaovutishwa moshi wa wengine hupata matatizo ya njia ya hewa wakiwa kwenye nusukaputi mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Huyu naye tumpange mwisho wa foleni kwa kosa gani?

Upande wa pili wa mjadala una hoja zake, na iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa kwa kujiamini zaidi, hata na baadhi ya watu wa afya: kwamba kuacha sigara karibu na upasuaji ni hatari, bora mgonjwa aendelee kuvuta kuliko kuacha zikiwa zimebaki wiki mbili. Dhana hii ina asili. Mwaka 1989 Kliniki ya Mayo ya Marekani ilichapisha utafiti wa wagonjwa 200 wa upasuaji wa mishipa ya moyo. Walioacha sigara ndani ya miezi miwili kabla ya upasuaji walipata matatizo ya mapafu karibu mara nne ya walioacha zaidi ya miezi miwili. Wasomaji wa haraka wakaona hapo kwamba kuacha karibuni kunadhuru. Lakini ulinganisho huo ni kati ya walioacha karibuni na walioacha zamani. Unaonyesha kwamba kuacha mapema ni bora, basi. Swali la mgonjwa ambaye tarehe yake ni wiki mbili zijazo ni jingine: niache leo, au niendelee? Kwa swali hilo tofauti kati ya walioacha karibuni na walioendelea kuvuta haikuwa ya kutegemewa kitakwimu, kwa sababu waliokuwa kwenye makundi hayo walikuwa wachache. Tena anayeacha sigara ghafla wiki mbili kabla ya upasuaji wa moyo huenda ni yule aliyetishwa na hali yake mwenyewe, yaani mgonjwa zaidi tangu mwanzo.

Mwaka 2011 uchambuzi uliokusanya tafiti tisa haukukuta kwamba kuacha ndani ya wiki nane kabla ya upasuaji kunaongeza matatizo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa muhtasari wake Januari 2020 lilisema kuacha takriban wiki nne kabla hupunguza hatari, na kila wiki ya ziada bila tumbaku baada ya hapo huboresha matokeo kwa asilimia 19. Wanaoitetea dhana ya zamani huelekeza kwenye kikohozi: mtu akiacha, siku za mwanzo hukohoa zaidi. Ni kweli wengi huhisi hivyo. Lakini tafiti hizo zilizokusanywa zilihesabu matatizo halisi baada ya upasuaji, na ongezeko linalotabiriwa na nadharia ya kikohozi halikuonekana. Kumwambia mgonjwa aendelee kuvuta kwa ajili ya usalama wake ni ushauri usio na mguu wa kusimamia. Naweza kuuweka kapu moja na ile hoja ya mzee wa mtaani aliyevuta tangu ujana, akapasuliwa tezi dume na kurudi nyumbani anacheka. Mzee huyo yupo kila mtaa, na waliokufa hawapo barazani kusimulia.

Hoja yenye uzito kweli ni ya uhaba. Mtu anaweza kusema: mnazungumzia sigara katika nchi ambazo mtungi wa oksijeni unaweza kuisha katikati ya upasuaji. Takwimu zinamuunga mkono. Utafiti wa matokeo ya upasuaji Afrika uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25, ulikuta wastani wa wataalamu wa upasuaji, uzazi na usingizi kwa pamoja ni 0.7 kwa kila watu 100,000. Zaidi ya nusu ya upasuaji ulikuwa wa dharura au wa haraka, na theluthi moja ya upasuaji wote ilikuwa ya kujifungua. Kwa mama anayekimbizwa na uchungu usiku, au kijana aliyevunjika paja kwenye bodaboda, wiki nne hazipo. Na wanawake wetu wengi hawavuti: uchunguzi wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 14.6 ya wanaume wazima wanatumia tumbaku na asilimia 3.2 ya wanawake. Kenya, mwaka 2014, ilikuwa 19.1 kwa 4.5.

Nayakubali yote hayo, na bado naona utafiti huohuo wa 2018 unaelekea kwangu. Ulikuta asilimia 2.1 ya wagonjwa walikufa, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa walikuwa vijana zaidi na wenye maradhi machache zaidi. Na asilimia 95 ya vifo hivyo vilitokea baada ya upasuaji. Watu hawakufia mezani. Walifia wodini, kwa matatizo ambayo kwingine yangegunduliwa mapema na kudhibitiwa, mahali ambapo usiku muuguzi mmoja anaangalia vitanda vingi kuliko macho yake yanavyoweza kufika. Nimonia ya siku ya tatu na mshono uliofumuka siku ya saba ni matatizo ya wodini. Hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi na mashine za kutosha inaweza kumwokoa mvutaji kutoka kwenye matatizo yake kwa fedha nyingi. Yetu haiwezi, kwa hiyo kuyazuia yasitokee kuna thamani kubwa zaidi kwetu kuliko kwa Wadenmark. Uhaba unaongeza uzito wa hoja ya wiki nne. Tena hao wanaume wenye asilimia 14 na 19 ndio wanaojaza orodha za ngiri, tezi dume na mifupa, upasuaji ambao mara nyingi una tarehe na foleni.

Hata dharura haiko nje ya suala hili. Kijana wa bodaboda hakuwa na wiki nne kabla, lakini anazo baada. Mfupa wa mvutaji huchelewa kuunga na hushindwa kuunga mara nyingi zaidi, na mfupa uliokataa maana yake ni chuma kutolewa, upasuaji wa pili, na miezi mingine bila kipato. Vivyo hivyo aliyechomwa ganzi ya mgongoni badala ya nusukaputi. Koo lake limeponea, ila kidonda chake kinapona kwa damu ileile.

Tukishakubali kwamba muda wa kungoja ni matibabu, maswali yanayoulizwa kliniki lazima yabadilike, na hapa mambo ya kwetu yana sura yake. Swali la kawaida ni “unavuta sigara?”, na watu wengi hulijibu hapana kwa ukweli kabisa. Anayekaa na shisha kila Ijumaa havuti sigara. Kenya iliipiga marufuku shisha Desemba 2017 na bado inavutwa, na imani kwamba maji huchuja sumu ingalipo. Kumbe kikao kimoja, chenye kaa la moto juu ya tumbaku na kinachodumu saa nzima au zaidi, huingiza kaboni monoksidi nyingi kuliko sigara moja, na maji hayaizuii. Mwenye sigara ya kielektroniki havuti sigara: hapati gesi hiyo kwa kiasi cha kutisha kwa kuwa hakuna kinachoungua, lakini nikotini anayo. Mla ugoro vilevile. Mvuta bangi atakana kwa kuogopa polisi, ilhali mtaalamu wa usingizi anahitaji kujua kwa sababu anayeitumia mara kwa mara huweza kuhitaji dawa zaidi ili alale. Na mama anayepikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha hajawahi kushika sigara maishani, lakini gesi ya moto wake ni ileile. Swali linalofaa ni lile linaloorodhesha vitu hivi kimoja kimoja, likiulizwa na mtu asiyeandika hukumu pembeni.

Upande wa fedha, dawa zenyewe si anasa. Pachi za nikotini, yaani vibandiko vya ngozini, na jojo zake ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Wapo wanaohofia kwamba pachi nayo itabana mishipa na kuharibu kidonda. Tafiti za binadamu hazijaonyesha hivyo, na kiasi anachopata mtu polepole kupitia ngozi hakifanani na moshi wenye gesi na maelfu ya kemikali. Mpango wa Denmark uliendeshwa na wauguzi. Haukuhitaji bingwa wala mashine. Kliniki ya upasuaji inapomwandikia mtu tarehe ya wiki sita mbele, inaweza siku hiyohiyo kumpa pachi, kumweleza ratiba ya saa na ya wiki niliyoitaja, na kuchukua namba ya simu ya kumpigia kila Jumatatu. Akivuta katikati, tarehe yake ibaki palepale isipokuwa daktari aone sababu ya kitabibu ya kuisogeza. Mfuko wa bima ukitaka kujua kama unapata faida, uhesabu siku za kulazwa na vidonda vilivyofunguliwa upya, kwanza kwa wavutaji waliopitia mpango na kisha kwa wasioupitia. Hesabu hiyo haiwezekani leo, kwa sababu fomu nyingi za madai zinataja aina ya upasuaji na bei yake bila kutaja tumbaku popote.

Baada ya upasuaji kuna nafasi nyingine ambayo tayari tumeilipia bila kujua. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 na ya Tanzania ya mwaka 2003 zinakataza kuvuta ndani ya hospitali. Aliyelazwa siku tano amekaa siku tano bila moshi, au karibu na hivyo, na zile siku mbili tatu za mwanzo ambazo wengi hushindwa ameshazivuka akiwa kitandani, akiwa na dawa za maumivu na watu wa kumwangalia. Anaruhusiwa akiwa na kadi inayosema dawa gani anywe, lini aje kutolewa nyuzi, na asibebe mizigo mizito. Wiki zinazofuata ndizo ambazo kidonda chake kinafunga na mfupa wake unaanza kuunga. Mfuko wa bima unaweza kuanzia kwenye kadi hiyo mwezi huu, kwa kudai tu kwamba mstari wa tumbaku uwepo na ujazwe kabla ya dai kulipwa, huku mipango ya kununua pachi ikiendelea.